Chombo cha Vioo Kilivyoniganda Tumboni

Nilikuwa nimechoka, sina utetezi mwingine. Kutwa nzima pale Kakuma, nikiweka vioo vya dirisha la kanisa, kile chombo cha mpira cha kunyanyulia vioo, kinachoshika kwa kuvuta hewa, kilikuwa kikiachia. Nikakiosha vumbi, nikakikausha, kisha kwa uvivu wa kutoka tena juani kwenye vioo, nikakijaribu tumboni mwangu. Kikashika! Lakini kitufe cha kuachia hewa kilikuwa kimejaa mchanga, hakibonyezeki. Nikakifunika kwa shati.

Mara Mchungaji Deng akaingia kanisani na akina mama wa kwaya.

“Ejok, fundi,” mchungaji akanisalimu kwa Kiturkana. “Dirisha bado? Shida iko wapi?”

“Ni chombo, mchungaji.”

“Leta tuone.”

“Hakitoki.”

“Hakitoki wapi?”

Nikaanza kufungua vifungo vya shati, mbele ya kwaya nzima.