Mtaro wa Malale

Malale si mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyo nayo ni ya kweli. Hilo ndilo lililomponza. Angekuwa mwongo mzuri, mtaro wake ungekuwa salama mpaka leo.

Mimi naitwa Mikidadi, nina duka hapa Litapunga, huu mwaka wa tisa: sukari, sabuni, betri, dawa za kuogeshea ng'ombe. Kwetu ni Mpanda mjini, na Wasukuma wa hapa bado wananiita mgeni ingawa nusu yao walikuja na ng'ombe wao baada yangu. Malale alikuwa nsumba ntale, mkuu wa vijana wa kazi. Akipiga ngoma asubuhi, vijana arobaini wanatoka na majembe, shamba la mjane linalimwa kabla jua halijawa kali. Hakuna karatasi wala kura. Mkuu anasema neno, na neno linakuwa. Siku lisipokuwa, ngoma inapewa mwingine.

Mwaka jana mkewe, Lidia, alishikwa na uchungu mchana, mtoto akiwa amekaa vibaya. Nesi wa zahanati alipanda kichuguu kilicho nyuma ya jengo, maana ndipo mtandao unapopatikana, aite gari la wagonjwa. Simu ikashika, ikakata, ikashika, ikakata. Gari lilipofika mtoto alikuwa ameshafariki. Malale hakulia mbele za watu. Alikwenda akasimama chini ya kichuguu kile, akakitazama muda mrefu.

Kwa hiyo alipokuja Rahim, fundi wa kampuni moja ya mtandao, akasema waya wa mkongo unaweza kutoka barabara kuu mpaka zahanati, kilomita sita, nesi apate simu isiyokatika, mradi kijiji kichimbe mtaro, Malale hakuomba siku ya kufikiri. Walichimba siku kumi na tisa, kina cha kiuno, wakiimba. Hata mimi nilishika jembe siku moja, wakanicheka mikono. Kila aliyechimba alipewa neno moja na Malale: waya unafika kabla ya mvua. Lidia alikuwa ameshapata mimba nyingine.

Waya haukuja. Agosti ikapita, Septemba ikapita. Oktoba, ndama wa Mzee Nyanda akatumbukia mtaroni akavunjika mguu. Malale akampigia Rahim simu kutoka juu ya kichuguu, na Rahim, mtu muungwana, akaja na pikipiki yake mwenyewe. Tukakaa mbele ya duka langu.

"Kaka Malale, waya hakuna," akasema. "Ndani yake kuna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Sasa hizo nyuzi zinakwenda vitani."

"Kufanya nini?"

"Kuna vita huko mbali, wanapigana kwa droni. Zamani waliziongoza kwa mawimbi, kama redio. Adui akajua kuyavuruga. Sasa wanaifunga droni uzi, huu huu wetu, inaruka inauvuta nyuma yake, adui hana cha kuvuruga."

Malale akafikiri. "Halafu wanaukunja?"

"Hawakunji. Droni ikigonga imekwisha. Uzi unabaki mashambani."

"Mashamba ya nani?"

Rahim hakujua. Alisema kuna na majumba makubwa ya kompyuta huko nje, nayo yanagombea uzi huo huo, viwanda vinamsikiliza mnunuzi mkubwa kwanza, na wadogo kama sisi tunasubiri. Malale akauliza ni nani hao wanaopigana. Rahim akataja nchi. Malale akanigeukia, kana kwamba mtu wa mjini lazima azijue. Nilizisikia redioni tu. Nilichanganyikiwa kama yeye, ila mimi nina kaunta ya kujifichia.

"Msifukie," Rahim akasema akiondoka. "Mkifukia, ofisini watawafuta kwenye orodha. Waya ukipatikana utakwenda kijiji kingine."

Jumapili Malale akasimama kwenye mkutano na kusema kweli yake yote kwa mara moja: "Waya wetu umechukuliwa na droni."

Laiti angenishauri. Hapa Litapunga droni ni kitu kimoja tu: ile inayovuma juu ya hifadhi wakati wa kiangazi ikitafuta ng'ombe walioingia kula majani. Ndiyo iliyowaona ng'ombe wa Mzee Nyanda, askari wakawachukua. Nyanda akainuka taratibu.

"Kumbe waya ni wa droni," akasema. "Droni juu, waya chini. Ng'ombe akivuka, anajulikana. Na wewe mwanangu umetuchimbisha mtego kwa ngoma yetu wenyewe."

Malale akaeleza habari za vita. Akaeleza uzi unaoburutwa angani. Kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo, kwa sababu nani atafunga ndege kamba? Mimi mwenyewe, niliyeyasikia kwa masikio yangu, nilipomsikia akiyarudia nilianza kuwa na shaka. Nikakaa kimya, na bado naona aibu.

Hukumu ya mkutano ikatoka: aliyechimbisha kwa ngoma aongoze kufukia kwa ngoma, la sivyo atengwe. Aliyetengwa hapewi moto, haazimwi jembe, na mkewe akijifungua hakuna mwanamke atakayevuka uwanja wake. Lidia alikuwa na miezi minane. Malale alikuwa amechimba kwa ajili ya mtoto, na sasa ilibidi afukie kwa ajili ya mtoto huyo huyo. Aliniuliza afanye nini. Nikainamia kaunta nikahesabu betri.

Akapiga ngoma. Walifukia siku nne wakitokea barabara kuu, hakuna aliyeimba. Siku ya nne, zimebaki hatua kama mia mbili kufika zahanati, Lidia akaja. Akapiga magoti akamwamkia Mzee Nyanda kama inavyopasa. Kisha akashuka mtaroni, tumbo lake mbele, akakaa chini.

"Toka huko, mama," Nyanda akasema.

"Baba, mwaka jana mlikuja kunisaidia kufukia mtoto. Nawashukuru. Leo endeleeni."

Hakuna aliyeinua jembe. Hakuna mtu wa hapa atakayemmwagia udongo mtu aliye hai. Mwishowe Nyanda akawaambia vijana warudi nyumbani.

Wiki iliyofuata Rahim akapita. Akazitazama zile hatua mia mbili, mtaro usiotoka popote, na sikuweza kumtazama usoni. Alisema ameshapeleka taarifa ofisini kuwa mtaro umefukiwa, hakuwa na namna. Lidia ndiye aliyeuliza.

"Shemeji, droni moja inabeba uzi kiasi gani?"

"Kilomita kumi. Nyingine mpaka ishirini."

"Sisi tulikuwa tunataka sita," Malale akasema.

"Ndiyo."

"Na ile hairudi."

"Hairudi."

Malale akatikisa kichwa, kisha akauliza tena polepole, kama mtu anayehofu kuwa hakusikia vizuri: "Droni moja?"

Rahim akasema moja.

Malale akachukua jembe lake, akazunguka nyuma ya zahanati, na mpaka jioni alikuwa akichonga ngazi kwenye kichuguu, ili nesi apande haraka.