Mchina Wetu wa Mpira

Aliyemuuza Mchina wetu ni akida wa mjini. Naanza na yeye, msije mkasoma mpaka mwisho mkasingizia vita. Vita havina mdomo. Akida anao.

Mtu mwenyewe alikuwa seremala wa reli. Kwao Japani, kabla hajapanda meli, alicheza mpira mpaka watu wakawa wanamfuata njiani. Ndivyo alivyosema, nasi tukamcheka, hadi alipotushonea mpira wa ngozi wenye kibofu cha ng'ombe ndani. Sisi wa Bigwa tulijua kubutua juu na kukimbilia. Yeye aliusukuma chini kwa ubavu wa mguu, ukatupita miguuni kama panya. Haikuchukua muda, uwanja wa nyuma ya stesheni ukawa unajaa. Wauza karanga wa Gairo walimjazia kofia bure. Akida naye siku moja alimbeba mabegani akazunguka naye uwanja mzima, kanzu yote matope.

Tulimwita Mchina, maana Japani hatukuijua. Jina hilo hakulitaka kabisa. Alikuwa akisimamisha mchezo, mpira chini ya wayo, anasema, "Mjapani." Hata goti lilipomharibikia akaacha kucheza, alikaa kwenye gogo pembeni ya uwanja, watoto wakipita wanamwamkia, "Shikamoo, Mchina," naye anajibu, "Marahaba. Mjapani."

Vita vilipokuja, ikasemekana Wajapani wako upande wa Mwingereza. Mdachi, aliyetutawala wakati huo, akatoa amri wakamatwe. Akapelekwa bomani, na sisi watatu tuliocheza naye tukaitwa tuseme ni mtu wa wapi. Akiwa Mchina, atarudi kwenye randa yake. Akiwa Mjapani, atafungwa.

Bwana shauri, Mdachi mkubwa wa boma, aliniuliza mimi kwanza.

"Mchina," nikasema.

Nikamtazama. Midomo ilimcheza, nikajua neno lake liko palepale kwenye meno. Akalimeza. Tangu nimjue, ndiyo mara ya kwanza hakunisahihisha.

Wenzangu wakasema kama mimi. Bwana shauri alikuwa ameshainuka kwenye kiti, tumepona, ndipo akida akakohoa. Hakuna aliyemuuliza kitu.

"Bwana mkubwa, hawa wanakudanganya. Huyu Mjapani. Mji mzima umemsikia akijitaja kwa kinywa chake."

Siku ileile wakampakia kwenye behewa na goti lake bovu. Hakurudi. Sisi tukalazwa kifudifudi, tukala hamsa ishirini, viboko ishirini na tano kila mmoja. Wenzangu wamekwisha kufa, nimebaki mimi na huu mgongo.

Sasa Mdachi hayupo, na akida anakaa barazani akiwasimulia vijana jinsi alivyombeba yule bingwa mabegani. Juzi nikipita akaniita nimtolee ushahidi.

"Ndugu yangu, si unamkumbuka Mjapani wetu?"

Vijana wote wakanigeukia.

"Mjapani simjui," nikamwambia. "Mimi nilicheza na Mchina."

Akashika tasbihi yake. Na waniulize tena, hata wakija na kiboko. Nitawajibu hivyohivyo.