Breki ya Upande wa Abiria

Wanafunzi wake walimwita Breki, na jina likamganda. Alikuwa mwalimu wa udereva, na gari lake dogo jeupe lilikuwa na breki mbili: moja ya anayeendesha, nyingine upande wa abiria, ambako yeye alikaa. Mguu wake ulikuwa na akili zake. Hata akipewa lifti kwenda mazishini, ulikanyaga sakafu tupu kila kona, mwenye gari akabaki kujiuliza mzee huyu anawashwa na nini.

Binti yake wa pekee alikwenda kujifunza kwa mwalimu mwingine. "Kwa Baba nitafika wapi?" alimwambia mama yake. "Nikitoka getini tu, breki!" Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Mama huyo sasa hakuwapo. Kitu hai pekee alichoacha ndani ya nyumba ile kilikuwa tangi dogo la samaki wa baharini, ukubwa wa begi la safari, la akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo. Ndani mlikuwa na mawe yaliyoota matumbawe na samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe. Mama aliwaita wapangaji, kwa kuwa walikula na kulala na kodi hawakulipa. Yule mkubwa ni jike, alikuwa akisema, na mwenye kauli ndani humo ni yeye. Alipozidiwa na maradhi alimshika binti mkono akamwambia, "Wapangaji wangu nakuachia wewe."

Sasa binti alikuwa amepata kazi mji wa jirani, anahamia kwake, na wapangaji walikuwa wanahama naye.

Asubuhi walilitoa tangi maji, wakabakiza ya kulowesha mchanga tu, kwa sababu akriliki ikibebwa na uzito wa maji huachia kwenye maungio. Wakalizungushia blanketi laini, maana hata taulo gumu hulichora, wakaliweka kwenye kiti cha nyuma cha gari la Breki juu ya ubao ulionyooka, wakalifunga mkanda kama mtoto. Mawe yakaingia kwenye beseni, maji kwenye madumu, vyote buti. Wapangaji wakatiwa kwenye ndoo yenye maji nusu na kifuniko kilichotobolewa kupitisha mpira wa pampu ya hewa, pampu yenyewe ya betri ikining'inia ukingoni.

"Ndoo ikae wapi?" binti aliuliza.

"Miguuni kwangu. Wewe endesha, mimi nitaishika."

Nani angemkatalia? Mtu mzima, mwangalifu kupita kiasi, ameibana ndoo kwa magoti yote mawili. Wala hakuna aliyekumbuka kilichokuwa nyuma ya ndoo ile.

Walifika mwisho wa mtaa wao, pale unapokutana na barabara kuu. Binti alitazama kulia, akatazama kushoto, akaachia klachi taratibu. Mguu wa Breki ukaruka, ukakanyaga.

Gari lilishtuka likasimama. Ndoo ilijipiga kwenye dashibodi, kifuniko kikafyatuka, maji yakamwagika kwenye zulia, na pampu ikazama humo ikanyamaza.

"Baba!"

Samaki mdogo alikuwa bado chini ya ndoo, kwenye maji ya kiganja kimoja. Mkubwa hakuonekana. Breki alipiga magoti kwenye maji akapapasa chini ya kiti, huku magari ya nyuma yakipiga honi na binti akilia bila kujificha. Alipapasa karanga, sarafu, kalamu ya mwanafunzi fulani. Kisha kitu kikampiga kwenye vidole. Alimkusanya kwa viganja vyake vilivyolowa akamrudisha ndooni. Binti alikimbia buti akaleta dumu, wakaongeza maji, lakini samaki mkubwa alielea ubavu, mdomo ukifunguka na kujifunga.

"Pampu imekufa," binti alisema. "Turudi?"

Breki aliiona nyumba yao kule nyuma, mlango wa kijani ukiwa umefungwa. Kurudi kulimvutia kuliko alivyotaka kukiri. Lakini pampu nyingine ilikuwa kule waendako, imeshafungwa ukutani, na kutoka hapa ni saa nzima.

"Endesha, mama," alisema.

Alivua viatu na soksi, akaikumbatia ndoo kwa nyayo zake ili miguu isipate pa kwenda, akachukua kikombe cha plastiki. Akachota maji, akayainua, akayamimina kutoka juu yaingie hewa. Akachota tena. Kazi hiyo ilitaka uiname, na aliyeinama haoni barabara.

Kwa Breki hiyo ilikuwa adhabu. Alisikia lori likinguruma karibu sana, akajua kwa mlio kwamba linahama njia, na vidole vyake vya miguu vikajikunja kwenye plastiki.

"Linaingia mbele yetu," binti alisema kwa sauti ndogo.

Breki hakuinua kichwa. Aliyaangalia maji. Yaliegemea upande mmoja, yakapanda mpaka karibu na ukingo, yakarudi mahali pake. Halikumwagika hata tone. Samaki mkubwa alijiinua, akasimama wima kidogo, akalala tena. Breki aliogopa kama alivyoogopa kule hospitali mkewe alipozidiwa, akachota.

Walipofika, bega lake lilikuwa limekufa ganzi. Walipanga mawe, wakarudisha maji, wakawasha pampu, wakawaachia wapangaji taratibu kwa kikombe kilekile. Mkubwa alizama nyuma ya jiwe akatulia kabisa. Mdogo alizunguka peke yake. Baba na binti walikaa sakafuni katikati ya maboksi mpaka mwanga wa dirishani ukaanza kupungua.

Ndipo mkubwa akatoka, akaenda moja kwa moja kwa mwenzake, akamsukuma kutoka kwenye kona nzuri.

"Kashaanza ukorofi wake," binti alisema, akacheka na kujifuta macho. Kisha akamgeukia. "Baba, pale mtaani kwetu uliona nini?"

"Sikuona kitu. Barabara ilikuwa nyeupe."

"Sasa ulikanyagia nini?"

Breki aliitazama miguu yake iliyokunjamana kwa maji ya chumvi.

"Sikutaka utoke," alisema.

Binti alivichukua viatu vya baba yake, akavitoa maji, akaviegemeza ukutani kwenye kibaraza, ingawa jua lilikuwa limeshazama.

"Havijakauka hivi," alisema aliporudi. "Utaondoka kesho. Nitakuendesha mpaka nyumbani, nirudi na basi."