Bibi mgeni alinipa e-reader yake kwa mikono miwili, mwanawe akaifunga akidhani imeibwa

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa kike kwa wa kiume.

Naandika haya kifua bado hakijatulia vizuri. Chumvi sitaongeza, maana iliyokuwamo ilinitosha.

Naitwa Makame. Natandika vitanda kwenye hoteli moja kule Kendwa, kaskazini ya Unguja, na nyumbani kwangu ni Jang'ombe. Ni mtu wa wasiwasi tangu utoto. Wingu likipita tu, mimi nimeshaanua nguo. Mke wangu, Rukia, ananiita Bwana Itakuwaje.

Sasa, kuna bibi mmoja mgeni, nimwite Bibi Ingrid. Huja hotelini kwetu kila mwaka, na chumba chake huwa nakifanya mimi. Kutwa yuko kibarazani na kifaa chake cha kusomea vitabu.

Kwa wasiokijua: si simu wala tablet. Kioo chake kinafanana na karatasi, hakiumizi macho, na juani kinasomeka kama gazeti. Chaji inakaa wiki na wiki. Ukigusa neno usilolijua, maana yake inatokea hapo hapo. Mimi Kiingereza changu ni cha "good morning, housekeeping", kwa hiyo hicho kitu cha kugusa neno kilinitia wazimu. Nilikuwa nikimaliza kudeki namuomba aniachie kidogo niguseguse maneno. Alikuwa akicheka tu na kunipa.

Safari hii alikuja na kipya. Siku hizi vimetoka vya rangi, vyenye kalamu, unaandika pembeni ya ukurasa kama daftari.

Siku ya kuondoka, gari limeshawashwa, akateremka tena. Akanipa kile cha zamani kwa mikono miwili. Akaniambia humo kuna hadithi ya mzee na bata wake, na nikifika sehemu ya harusi nitacheka sana.

Hapa ndipo penye kosa langu, wakuu.

Wanaofanya kazi za hoteli wanajua. Mgeni akikupa kitu, iwe fulana au chupa ya manukato, lazima akuandikie karatasi na kutia sahihi, uionyeshe getini. Bila karatasi, kitu hicho umekiiba mpaka ithibitike vinginevyo. Na jina la wizi likikushika hoteli moja, pwani yote ile hupati tena kazi.

Nilijua yote hayo. Lakini mtu mwenye umri wa mama yangu ameshuka garini kunipa kitu kwa mikono miwili, mimi nimwambie, "Bibi, hebu niandikie kwanza kwamba sikukiiba"? Niliona haya. Nikamshukuru, gari likaondoka.

Ilikuwa Ijumaa, watu wanakimbilia msikitini, mlinzi hakukagua mtu. Nikapita.

Nyumbani nilisoma, jamani. Polepole, neno kwa neno. Nikagundua ukibonyeza mstari unaweza kuandika kitu chako pembeni. Kwa kuwa sikuwa na wa kumuuliza, nikawa namuandikia Bibi mwenyewe, kwa Kiingereza changu hicho hicho. "Bibi, huyu mzee kwa nini hataki kuuza bata?" "Bibi, theluji inanuka?" Vitu vya kijinga. Nilijua naandika peke yangu.

Nikafika kwenye harusi. Sikucheka. Nikaandika: "Bibi, uliponipa kitabu garini ulisema hapa nitacheka. Sijacheka. Labda sijaelewa."

Kesho yake nikataka kuongeza kamusi kubwa zaidi, nikawasha hotspot ya simu. Tangu nipewe sikuwahi kukiunganisha na intaneti.

Kikafikiri kidogo. Kikaanza update chenyewe. Kikajizima, kikajiwasha, halafu kioo kizima kikajaa maandishi: kifaa hiki kimeripotiwa kupotea, aliyenacho awasiliane na mwenyewe.

Wakuu, hapo nimeshakuwa mwizi.

Nikakizima. Maandishi yapo! Kumbe vioo hivi havihitaji umeme kushikilia ukurasa, kilichoandikwa mwisho kinabaki. Simu ukiizima inakufa. Hiki nimekizima na bado kinaniambia mwizi. Nikakifunga kwenye kanga ya Rukia nikakiweka kabatini, na kila nikipita hapo naona kama kanga inazungumza.

Nikakipeleka kwa fundi simu Darajani. Akakigeuza, akasema, "Kitu kidogo hichi. Nnakifuta chote, kinakuwa kipya, hakikujui wala hakimjui mtu."

Nilitamani. Nisidanganye, mkono ulikuwa umeshaachia. Halafu nikajiuliza: mtu aliyepewa kitu kwa halali anakifuta ili iweje? Nikikifuta ndipo nitakuwa mwizi kweli. Nikakichukua nikaondoka, fundi ananitazama kama mgonjwa.

Jioni ile ile Bi Zuhura, msimamizi wangu, akapiga simu. "Kesho pita ofisini kabla hujaingia zamu." Akakata.

Usingizi sikuupata. Rukia akaniambia, "Mume wangu, mficha uchi hazai. Ungeomba hiyo karatasi yakaisha." Kweli, lakini maneno ya kweli nayo yana wakati wake.

Asubuhi nikaingia nacho mkononi, bado kimefungwa kanga.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Kaa."

Akanieleza. Mtoto wa kiume wa Bibi Ingrid ndiye mwenye akaunti ya vifaa vyote viwili. Ameona kile cha zamani kimewaka Zanzibar, akakifunga, akaiandikia hoteli. Mama yake yuko safarini milimani na simu haimpati, na hajawahi kumwambia kwamba amekigawa.

"Karatasi yako iko wapi, Makame?"

"Sina."

"Hukupewa au hukuomba?"

"Sikuomba. Nliona haya."

Akaitazama ile kanga. "Mie nnakuamini. Lakini hoteli si yangu. Nenda nyumbani, ntakwita."

Nilikwenda. Zile siku za kungoja sitaki hata kuzisimulia. Nilikuwa sili. Simu ya mtu yeyote ikilia mtaani, mimi nainuka. Nilimuonea Rukia huruma kuliko nilivyojihurumia, maana ndiye angeambiwa dukani kwamba mumewe mwizi.

Halafu Bi Zuhura akapiga. "Makame! Njoo kazini. Na hilo libata lako uje nalo."

Sikuelewa, mpaka nilipofika akanisomea. Bibi Ingrid ameandika mwenyewe. Kule milimani alipata mtandao, akafungua kile kitabu kwenye kifaa chake kipya ili akirudie. Akaunti ni moja, kitabu ni kimoja. Pembeni ya kurasa akakuta maneno asiyoyaandika yeye: mzee kwa nini hauzi bata, theluji inanuka. Kumbe pale nilipowasha hotspot, kabla hakijafungwa, kilishatuma kila nilichoandika.

Na kwenye harusi akakuta, "Bibi, uliponipa kitabu garini." Akampigia mwanawe hapo hapo. Bi Zuhura anasema barua ya kijana ya kuomba radhi ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza.

Kijana alishaiondoa ile ripoti yake, nikaunganisha wifi ya hoteli. Kikafunguka. Chini ya maneno yangu ya harusini pana maneno mapya: "Hukukosea. Wa kuchekesha yuko ukurasa unaofuata."

Nikageuza. Bata amekaa kwenye kiti cha bibi harusi na hakuna anayethubutu kumtoa. Nilicheka, wakuu, nikacheka huku machozi yananitoka, Bi Zuhura akafunga mlango wageni wasisikie.

Nikamuandikia pale pale, safari hii bila haya: "Bibi, naomba karatasi." Akaiandika pembeni ya kitabu: nimempa Makame kifaa hiki kwa mikono yangu miwili. Na jina lake chini.

Nilichojifunza: ukipewa kitu, omba ushahidi hapo hapo huku mnacheka, haya ya dakika moja hupita. Na kifaa cha mtu hakikujii mkononi peke yake, kinakuja na akaunti yake, kwa hiyo ulizeni kabla ya kukiwasha.

Sasa nishaurini. Rukia anasema nikifute, nifungue akaunti yangu, tulale kwa amani. Kweli, kila nikiwasha hotspot moyo unaruka. Lakini nikikifuta, karatasi yangu inafutika, na Bibi hataniandikia tena pembeni. Msiniambie nipige picha, nimeshapiga.

Jana ameniuliza karafuu ikianikwa inanukaje. Mngekuwa mimi mngefanyaje?