Breki za Jumamosi ya Mwisho

Mimi ndiye niliyeunga mkono baba anyang'anywe ufunguo wa gari. Naanza na hilo ili nisije nikalipitia kando.

Tulikuwa barazani kwangu hapa Kabeza, mimi na kaka yangu. Akaniambia, "Dada, muzee iko na miaka mingi. Mguu yake haisikii tena. Kesho kutwa, Jumapili, nakuja kumwambia." Nikasema sawa, tuuchukue. Nikaenda kupika kana kwamba sikusema kitu.

Baba aliendesha malori maisha yake yote, kutoka Tanzania alikokulia mpaka huku, na ndiye aliyenifundisha kushika spana kabla sijajua kusuka nywele. Siku hizi anaishi nami, na safari yake ya maana ni moja tu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa, ukishaisha na magari yakiruhusiwa kutembea tena, anamwendea dada yake anayeishi mtaa wa Kibagabaga. Shangazi haoni vizuri. Baba anampakia, anamzungusha mjini akimsimulia kila jengo jipya wanalopita, kisha anamrudisha kwake. Wananunua ndizi za kuchoma, wanagombana kidogo, basi. Hawana starehe nyingine.

Ila safari tatu mfululizo breki zilimgeuka. Akigusa pedeli tu, magurudumu ya nyuma yalikamata ghafla na gari likaruka. Mara ya tatu ilitokea kwenye njia panda ya chini ya nyumba yetu. Kaka alikuwa amekaa mbele bila mkanda, akapigiza paji la uso kwenye dashibodi, na mwenye pikipiki nyuma yetu akatukosa chupuchupu. Jumatatu nikalipeleka gari kwa fundi. Akalijaribu barabarani, akarudi anatabasamu: "Breki iko sawa, mama. Buriya, ujue, ni muzee ndo anakanyaga vibaya."

Tukaamini. Ni rahisi sana kuamini ubovu wa mzee kuliko ubovu wa chuma. Tangu siku hiyo, kila nilipoamka nilimkuta baba amekaa peke yake garini, injini imezimwa. Nilidhani ametununia, na mimi nikamwachia kununa kwake.

Mwezi ukazunguka, kaka akaja na shauri lake la ufunguo, na kesho yake ikawa Jumamosi ya mwisho. Asubuhi nikachukua jembe kwenda umuganda, tulikuwa tunazibua mtaro. Nililiosha jembe lile jana yake jioni, kwa mpira uleule wa maji niliooshea gari, nikaliacha ukutani na unyevu wake. Sasa lote lilikuwa limeshika kutu ya rangi ya machungwa. Usiku mmoja tu! Nikasimama na jembe mkononi hadi jirani akaniuliza kama nimekuja kazini au kupiga picha.

Maana mimi ndiye ninayeosha gari kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ili baba amfuate dada yake kwa heshima. Katikati ya mwezi yeye hulipangusa kwa kitambaa tu, lakini mimi siwezi kazi ya nusu nusu, namwaga maji mpaka ndani ya rimu. Kisha, kwa kuwa ua wetu una mteremko, navuta breki ya mkono mpaka mwisho. Na kesho yake gari haliondoki hadi saa tano, kwa sababu ya umuganda. Siku zile tatu zote zilikuwa Jumamosi kama hii.

Nilirudi mbio. Baba alikuwa ameshavaa koti lake, ufunguo mkononi.

"Baba, subiri kwanza. Nataka kufungua tairi za nyuma."

"Fungua," akasema, na kuketi kwenye kigoda. 

Nikazuia magurudumu ya mbele kwa mawe, nikaachia breki ya mkono, nikapiga jeki, nikaweka stendi chini, nikavua magurudumu ya nyuma. Ngoma ya breki, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, iligoma kutoka, imegandana. Nikaigonga kwa nyundo taratibu, kuizunguka, mpaka ikaachia. Kwanza nikatafuta mafuta yaliyovuja. Hapana, pakavu. Nikaigeuza ngoma kwenye jua. Ndani yake pote palikuwa na kutu, na pale viatu vya breki, vile vinavyoibana ngoma kwa ndani, vilipobana usiku kucha pameachwa alama zake kamili, utafikiri mtu kabandika karatasi. Upande wa pili hivyohivyo.

Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akapitisha kidole.

"Kutu hii ndiyo inayokamata magurudumu, na ukiendesha kidogo inajifuta," nikasema. "Ndiyo maana fundi hakuona kitu. Ni mimi, baba. Ni maji yangu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nilikufundisha kufungua breki, nikasahau kukufundisha kuosha gari!"

Nikapangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, nikasugua ngoma na viatu kwa msasa, nikarudisha kila kitu. Baba mwenyewe akakaza nati. Tukaweka sheria: gari likioshwa lizungushwe barabarani huku breki zikikanyagwa mpaka zikauke, na likilala uani lilale kwa gia na mawe, si kwa breki ya mkono.

Tukatoka, yeye kwenye usukani. Kwenye njia panda ileile akagusa pedeli. Gari likasimama polepole, kwa adabu. Akautazama mguu wake wa kulia kwa muda mrefu.

"Kila alfajiri nilikuwa naukanyagisha," akasema. "Nione kama bado unanisikia."

Nilitaka kulia. Nikasema haraka, "Baba, habari ya ufunguo, hata mimi nilikubali uchukuliwe."

"Najua, mwana wanjye. Dirisha lilikuwa wazi." Akawasha taa ya kukata kona. "Hata mimi nilikuwa nimekubali."

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, tukashika njia ya Kibagabaga.