Saa ya pampu niliyoiunda mwenyewe ilivyomfukuzisha kazi Mzee Wafula

Wakuu, nawasalimu kutoka Lucky Summer, Nairobi.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nasoma nyuzi zenu, nacheka, naondoka. Leo nimeamua kuandika yangu na sitaongeza chumvi. Msihangaike kumtafuta mbaya kwenye hii stori, ni mimi.

Kazi yangu ni kufunga CCTV. Nikitoka kazini napenda kuchezea electronics, na mke wangu amezoea kukuta waya kwenye sahani.

Tunakaa ploti ya ghorofa tano. Maji yanaingia kwenye tangi la chini, halafu pampu inayasukuma mpaka matangi ya juu. Mtu wa kuwasha na kuzima hiyo pampu alikuwa caretaker wetu, Mzee Wafula. Ana miaka sitini na kitu, na kofia yake ya sufi haitoki kichwani hata jua liwake namna gani. Alikuwa ameishi kwenye ile ploti muda mrefu kuliko mpangaji yeyote.

Mwaka huu pampu ya zamani iliungua. Fundi aliyeleta mpya aliacha sharti moja: isitembee zaidi ya dakika arobaini na tano bila kupumzishwa. Landlady wetu, Mama Shiru, akaapa kwamba hii ya pili ikiungua, caretaker ataondoka nayo.

Mzee alikuwa na mtindo wake. Akiwasha pampu anaangalia saa yake ya mkono, anaandika saa kwa chaki kwenye mlango wa chuma wa chumba cha pampu. Akizima, anaandika tena. Asubuhi inayofuata anafuta kwa kitambaa, anaanza upya. Mtu yeyote akipita anaona.

Mimi nikaona hayo ni mambo ya zamani.

Nikamwambia Mama Shiru nitaunda saa ya pampu. Nilitumia Arduino, ule ubao mdogo unaouandikia programu, na skrini ndogo ya mistari miwili. Pampu ikiwaka, skrini inahesabu dakika kuanzia sifuri. Ikizimwa, namba inaganda palepale ili mtu aone ilitembea muda gani. Ikiwashwa tena, inaanza sifuri. Ndiyo hivyo tu, hakuna maajabu.

Siku niliyoifunga niliweka picha kwenye group ya ploti. Emoji za makofi zikamiminika. Mama Shiru akaandika, "Baba Ivy, Mungu akubariki na hiyo akili." Niliisoma ile message mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri hapa.

Halafu nikachukua kitambaa cha Mzee, nikafuta chaki yote mlangoni.

"Mzee, sasa tumeingia digital," nikamwambia.

Alitia kipande chake cha chaki mfukoni akaenda kufagia ngazi.

Kama wiki moja hivi baadaye, akanisimamisha getini.

"Baba Ivy, ile saa yako inaruka."

"Inaruka aje, Mzee?"

"Asubuhi, mara ya kwanza, inaendanga vizuri kama stima ilipotea usiku. Lakini nikizima niwashe tena, inakimbia mbio mpaka tisini na kitu. Halafu inarudi kumi. Kutoka hapo inatembea sawasawa."

"Mzee, hayo ni macho. Badilisha miwani."

Nilicheka, nikaenda zangu. Wale mnaoandika code najua mmeshashika kichwa. Mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta alinieleza kosa langu lote, hatua kwa hatua, mpaka na suala la umeme kupotea. Mimi nikampeleka kwa daktari wa macho.

Sasa Jumamosi yenyewe.

Asubuhi mapema Mzee alitembeza pampu dakika arobaini na tatu, akazima. Ilikuwa siku ya watu kufua, kwa hiyo saa nne matangi ya juu yakawa yamekauka. Akawasha tena. Muda mfupi baadaye Mama Shiru akaingia kukagua ploti, akapitia chumba cha pampu. Skrini ikamwambia dakika 83.

Aliizima mwenyewe, akapiga kelele ambayo niliisikia nikiwa ghorofa ya tatu na kikombe cha chai mkononi.

Nilipofika chini, wapangaji kama kumi walikuwa wamesimama na beseni zao. Namba 83 ilikuwa imeganda pale. Mzee alikuwa amekunja mkono wa shati, anaonyesha saa yake.

"Nimewasha saa nne na dakika ishirini. Sasa ni nne na nusu haijafika. Dakika themanini zitatoka wapi?"

Mama Shiru akanigeukia mimi. "Baba Ivy, hii kitu inaweza kosea?"

Wakuu, hapa ndipo nataka ardhi inimeze. Ningeweza kusema, ngoja niangalie. Ningeweza kusema, juzi Mzee aliniambia inaruka. Lakini watu kumi walikuwa wananiangalia mimi fundi wao.

"Hiyo haiwezi kosea, Mama. Inahesabu na crystal ya ndani, haipotezi hata sekunde. Saa ya mkono ndiyo inaweza kwama."

Watu wengine wakacheka. Mzee hakucheka wala hakukasirika. Akasema neno moja ambalo mpaka leo nikilala nalisikia.

"Shikeni pampu. Iko baridi."

Pampu iliyotembea dakika themanini na tatu huwezi kuiwekea mkono, inachoma. Naijua hiyo hesabu kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Pampu ilikuwa hatua mbili kutoka niliposimama. Sikuishika. Hakuna aliyeishika. Tuliitazama skrini.

Kabla ya chakula cha mchana Mzee alikuwa ametoa vitu vyake kwenye kile chumba cha getini. Godoro, jiko, sanduku la bati, redio. Mama Shiru alikuwa anasema kwa sauti kwamba sasa amejua hata ile pampu ya kwanza nani aliiunguza.

Kwa sababu hakukuwa na caretaker, mimi ndiye nikaombwa kusimamia pampu kwa muda. Nikakubali kwa fahari, nakumbuka.

Siku ya tano nilikuwa nimesimama mbele ya skrini nikiongea na mtu kwenye simu. Nilikuwa nimezima pampu ikiwa 43, kwa bahati tu namba ileile. Nikawasha tena.

Ikaandika 03.

Dakika moja, 13. Dakika mbili, 23.

Simu nikaikata. Nilisimama pale nikaiangalia ikipanda mpaka 83, ikaenda 93, halafu ikarudi 10 kama vile hakuna kilichotokea. Niliweka mkono kwenye pampu. Ilikuwa baridi.

Kwa wasiojua hizi skrini: hazifuti kitu zenyewe. Ukiiambia iandike 8 mahali palipokuwa na 43, inaibadilisha ile 4 tu, na 3 inabaki imekaa. Dakika nane inasomeka 83. Stima ikipotea na kurudi, skrini inaanza safi, ndiyo maana siku nyingine ilikuwa sawa. Nilipokuwa naijaribu nyumbani, kila mara nilichomoa waya nikachomeka upya. Sikuwahi kuizima na kuiwasha pampu mara mbili mfululizo, kama Mzee anavyofanya kila siku ya Mungu.

Dawa yake ni mstari mmoja wa code. Weka nafasi tupu mbele ya namba yenye tarakimu moja, ifunike ile ya zamani. Nilimaliza kabla chai haijapoa.

Na hapo ndipo aibu kubwa inapoanza, kwa sababu nilitengeneza, nikafunga kile chumba, nikanyamaza.

Nilijipa visingizio. Kwamba Mzee lazima atapata kazi kwingine. Kwamba Mama Shiru alikuwa anamtafutia sababu kitambo. Kila nikikutana na huyo mama kwenye ngazi ananiambia tangu niweke saa pampu iko salama, na mimi najibu asante. Wiki tatu nimejibu asante.

Barabara yangu ya kwenda kazini inapita karibu na kiwanda kimoja huko mtaa wa Baba Dogo. Asubuhi vibarua wanasimama getini kusubiri kuchaguliwa. Jumatatu nikaona kofia ya sufi katikati ya vijana wenye mabega. Nikapita upande wa pili. Jumanne tena nikapita upande wa pili. Alhamisi walikuwa wameshachaguliwa, amebaki peke yake amekaa kwenye jiwe. Nikashindwa kupita.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Ile 4, ile 3, stima, mstari mmoja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza mtoto wangu Ivy anaendelea aje na shule. Nikasema vizuri.

"Nimeuliza kazi ploti mbili," akasema. "Wote wanasema wamesikia mimi ni yule wa kuunguza pampu."

"Mzee, nisamehe."

"Hiyo umeniambia mimi, Baba Ivy, mimi nilikuwa najua. Ulinisema mbele ya watu. Hao ndio hawajui."

Akasimama, akakung'uta suruali, akaniambia nitachelewa kazi.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Leo ni Jumapili na bado sijawaambia. Message nimeiandika mara sita, naifuta. Mkiona nimekuja kuungama humu, nyuma ya jina la bandia, mbele ya watu wasionijua, mjue ni woga uleule.

Nilichojifunza si mambo ya skrini. Mtu anayekaa na mashine yako kila siku akikwambia ina shida, nenda usimame pale naye muangalie pamoja. Na akikwambia shika, shika. Kilichonizuia kunyoosha mkono ilikuwa sifa za kwenye group, na bado ndizo zinazonizuia leo.

Mafundi wa humu, na hata wasio mafundi, kuna mtu amewahi kuumia kwa kitu ulichokiamini kuliko neno lake? Ulimrudia vipi? Nitukaneni pia, nina nafasi.

EDIT: Nimesoma nilichoandika hapo juu nikajichukia. Nimetuma kwenye group, na video ya skrini ikiruka niliyoirekodi kabla sijaitengeneza, na maneno "Mzee Wafula alisema ukweli, mimi nilikosea".

EDIT 2: Mama Shiru amepiga simu. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Ameuliza swali moja tu: "Na ulijua lini?"

Nimemwambia, wiki tatu.

Amekata. Sasa hivi ameandika kwenye group anauliza nani ana namba ya Mzee. Hakuna anayejibu, inaonekana hakuna aliyewahi kuichukua. Mimi ninayo. Naituma.