Kamba za Mama Zenoni

Nyumba ya Mama Zenoni iko Black Rock, hapa Buffalo, Marekani, hatua chache kutoka mtoni. Jina lake ni Veridiana, ila tangu nihamie mlango wa pili, anayemwita hivyo ni mleta barua tu. Ni Mrundi, amekulia na kuzalia katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, na hapa ana miaka kumi na minne katika kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali. Nyumba waliinunua kwa bei rahisi, yeye na mwanawe. Kwa nini ilikuwa rahisi, walikuja kujua baadaye.

Upepo wa ziwani ukivuma sana mwezi wa kumi na mbili, maji ya ziwa hujaa mtoni, na ya mtoni huingia besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Mwaka jana yalizima mashine ya kupasha nyumba joto, wakalala siku sita na makoti. Nikimpelekea chai namkuta ndani ya blanketi, ananiambia, "Mama Irakoze, mtoto usimlete huku, atapata kikohozi."

Kwa hiyo tuliposikia kanisani kwamba kuna fedha za kusaidia mitaa ya kando ya maji, mimi ndiye niliyemjazia fomu. Nyumba ikikubaliwa, mashine itahamishiwa juu, karibu na jiko, na besimenti itawekwa pampu. Lakini kwanza angekuja mtu kukagua alama za maji. Asipoziona, nyumba inatolewa kwenye orodha, na baridi inakuja vilevile.

Nikamwambia mkaguzi atafika Alhamisi. Kumbe yeye alisikia kitu kimoja tu, kwamba mgeni anakuja.

Alhamisi asubuhi nilishuka besimenti na Irakoze mgongoni, harufu ya rangi ikanipokea kwenye ngazi. Kuta zote zilikuwa nyeupe kama mashuka ya kiwandani kwake. Ule mstari wa matope uliozunguka chumba kizima, kimo cha kiuno, haukuwepo tena. Hata mashine alikuwa ameisugua kutu na kuipaka rangi miguuni.

Pantaleo, jirani wa ng'ambo ya barabara, alishuka nyuma yangu, akashika kichwa.

"Mama Zenoni! Watu wanakuja kuona mafuriko, wewe umeandaa harusi?"

"Sasa Pantaleo, mgeni akute matope yangu? Ataniona mtu wa namna gani?"

"Angekuona mtu mwenye maji!"

"Kwako hata maji hayajafika, matope yapo."

Tulicheka. Nikamwuliza Mama Zenoni kama ana picha za maji ya mwaka jana.

"Nani apige picha ya aibu yake?" alisema. Halafu akautazama ukuta, brashi bado mkononi, na kicheko kikamwisha taratibu.

Mkaguzi alikuwa dada mrefu mwenye viatu vya mvua. Mama Zenoni alimpa mkono, akampangusia kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Dada akauliza maji yamemletea shida gani, nami nikatafsiri.

"Mwambie hakuna shida, tunamshukuru Mungu."

Kumsahihisha mama mtu mzima mbele ya mgeni wake sikuweza, nikatafsiri kama alivyosema. Dada akatazama kuta, akaandika kidogo, akageuka kuelekea ngazi. Bega lake likagonga gunia la maharagwe.

Gunia lilikuwa linaning'inia darini kwa kamba. Akaangalia kando yake, kisha chumba kizima. Masufuria, mikeka, kapu la viatu, mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji, wenye hati zao waliokuja nao kwenye ndege, kila kitu kilikuwa hewani, na vyote viliishia usawa mmoja, juu kidogo ya kiuno. Sisi tulikuwa tumezoea, hatukuviona tena.

"Kwa nini umevitundika?" aliuliza.

Mama Zenoni alishika ukingo wa khanga yake, akatazama chini. Kisha akasogea ukutani, akaweka kiganja kwenye rangi mbichi.

"Mwambie mwaka jana yalifika hapa." Akakishusha hadi gotini. "Na mwaka juzi hapa. Mwambie pia nilipaka rangi kwa ajili yake."

Nilitafsiri yote. Dada hakucheka. Alitoa futi, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye gunia, hadi kwenye mikeka, hadi kwenye mfuko, kisha akapiga picha kamba zote na alama mbili za kiganja zilizobaki ukutani.

Barua ya kukubaliwa ilikuja mwezi wa tatu. Sasa mashine iko juu, na chini pampu inanguruma polepole. Juzi nilimkuta Mama Zenoni juu ya kiti, anafungua kamba ya gunia.

"Na huo mfuko wa IOM?" nikamwuliza.

"Maharagwe yakilowa nitanunua mengine," alisema. "Huo uache kwanza."

Akanipa ncha ya kamba, tukalishusha gunia pamoja.